Je, wajua kwa nini mlegezo umegoma kufa?

Mlegezo, au kata K kama wengi wanavyouita mtaani Bongo, ni ile staili ya kushusha suruali chini ya makalio boksa ikabaki nje. Ulipata umaarufu kupitia hip hop ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 90, yaani sasa hivi umepita miaka 30 na bado upo. Kuna staili kibao zimekuja nyuma yake zikapotea zote. Huu umedumuje?

Kwanza tuiweke pembeni ile stori inayozunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, ile ya kwamba mlegezo ulianzia magereza ya Marekani na mfungwa aliyeshusha suruali alikuwa anatangaza kwamba anapatikana kimapenzi kwa wanaume wenzake. Wazazi wanaiforwadi kwa nia njema kabisa, wakiamini dogo akishaisoma atapandisha suruali siku hiyohiyo. Sehemu moja ya stori ina mashiko: magereza mengi ya kule hayaruhusu mikanda kwa sababu mkanda unaweza kugeuzwa kitanzi au silaha, na sare zenyewe mara nyingi hazimkai mtu vizuri, kwa hiyo suruali kuporomoka ni jambo la kutegemea, na watu wengi wanauhusisha mlegezo na hilo. Ila hiyo habari ya mapenzi haina ushahidi wowote, inarudiwarudiwa tu. Na hata ingekuwa kweli tupu isingetusaidia hapa, maana kitu kilikotoka ni swali moja na kinachokifanya kiendelee kuishi ni swali jingine kabisa. Dogo wa Tandika anayelegeza leo hajaiga mfungwa yeyote wa California, ameiga makaka wa mtaani kwao.

Wengine wanasema ni mitumba, eti nguo za kwenye robota zinakuja saizi kubwa mtu anakosa namna. Nayo haisimami. Zilipokuja suruali za modo, zile za kubana mpaka kwenye kifundo cha mguu, vijana wakazishusha vilevile, tena na mkanda juu, umekazwa kabisa lakini umepita chini ya makalio. Hebu tulia hapo kidogo. Suruali imetoka kuwa pana kama gunia mpaka ikawa ya kubana, mlegezo haukutikisika. Maana yake kinachodumu sio nguo, ni alama.

Na alama ya ujana ina sharti lake, watu ambao hutaki kufananishwa nao wasiivae. Watafiti Jonah Berger na Chip Heath walilipima hili Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: wanafunzi wa bweni moja waliuziwa zile bangili za njano za Livestrong, za kampeni ya kupambana na saratani, halafu zikapelekwa bweni la jirani linalojulikana kwa watu wa kukesha na vitabu, na karibu theluthi ya wale wa kwanza wakaziacha. Bangili ni ileile, kilichobadilika ni nani mwingine anaivaa. Bweni la chuo sio dunia nzima, sawa, lakini linganisha na bugaluu. Hapa Tanzania, TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama tawala cha enzi hizo, walikuja na Operesheni Vijana, kuanzia Januari 1969 wakapiga vita minisketi, mawigi na suruali za kubana, halafu miaka ya 70 ikaingia bugaluu, suruali pana chini. Angalia picha za harusi za enzi zile, bwana harusi kavaa bugaluu, mjomba kavaa bugaluu, mpaka mzee wa kanisa. Ikishafika hapo kijana anabaki na nini cha kwake? Ikaondoka.

Mlegezo hakuna mkubwa aliyeuchukua. Meneja hawezi kuingia nao kikaoni, mwalimu hawezi kusimama nao ubaoni. Na marufuku nazo naona zimeulinda zaidi kuliko kuudhuru: kule Marekani, mji wa Shreveport, Louisiana walipitisha sheria ndogo ya kuukataza 2007 wakaifuta 2019, Opa-locka, Florida wakaanza mwaka huohuo wa 2007 wakafuta 2020, muda wote huo mlegezo upo. Kila katazo linamthibitishia kijana kwamba wakubwa hawataugusa.

Halafu kuna hili ambalo watu wanalisahau, kwamba wavaaji sio walewale. Fikiria daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo, kila kituo wanashuka watu na wanapanda wengine, wewe uliyekaa barabarani unaiona imejaa muda wote unadhani ni abiria walewale wamegoma kushuka, kumbe kila mmoja kakaa vituo vyake vitatu vinne tu akashuka zake. Kijana analegeza miaka michache, anapata kazi au anaoa, anapandisha suruali, na mdogo wake keshapanda. Staili haihitaji mtu wa kuishi nayo milele, inahitaji kituo kinachofuata kiwe na watu.

Na nauli yenyewe ni bure. Hapa ndipo mimi naona akili ya huu mtindo ilipo, hakuna cha kununua, suruali yoyote inafaa hata ya sare ya shule. Mtazame mwanafunzi anapokaribia geti asubuhi: mkono mmoja unavuta suruali juu, mwingine unachomekea shati, hatua tatu na yuko sawa kwa mwalimu wa zamu. Jioni akivuka geti, kiuno kinashuka tena. Tatuu huwezi kuificha hivyo, nywele za rangi huwezi.

Jinzi imedumu kwa njia nyingine kabisa. Levi Strauss na Jacob Davis walipata hataza yao, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wao, 1873, ikiwa ni nguo ya kazi, vijana wa miaka ya 50 wakaifanya ya kwao mpaka baadhi ya shule za Marekani zikaikataza, kisha kila mtu akaivaa, babu na mjukuu. Ndio maana jinzi tupu haisemi tena kitu kuhusu ujana, inabidi kijana aichane magotini au aishushe.