Kupima msuguano: ubao, uzi na gololi vinatosha

Hakuna kifaa unachoweza kukiweka juu ya meza kikakusomea msuguano wa meza hiyo, kama kipimajoto kinavyosoma joto la maji. Msuguano ni kani ya kujibu. Usipokisukuma kitu, haupo. Ukikisukuma kidogo, nao unakujibu kidogo. Ukizidisha, unazidisha, mpaka ufike ukomo wake na kitu kiteleze. Kwa hiyo anayetaka kuupima hana budi kuutafutia mpinzani ambaye nguvu zake zinajulikana, awashindanishe mpaka watoke sare, kisha asome nguvu za huyo anayejulikana. Ukiishika hila hii, majaribio ya vitu vikavu na ya vimiminika yanakuwa kitu kimoja.

Chukua kipande cha mbao, uzi, mizani ya springi na ubao uliopigwa randa. Kwanza ning'iniza kipande kwenye mizani usome uzito wake; chenye gramu 400 kitaonyesha karibu nyutoni 3.9. Kiweke juu ya ubao, kifunge uzi, anza kukivuta polepole kwa mizani. Mshale unapanda kipande kikiwa hakijatikisika, halafu ghafla kinachomoka na mshale unashuka kidogo. Kilele kile cha kabla ya kuchomoka ndicho msuguano tuli, na kiwango cha chini, kipande kikienda kwa kasi isiyobadilika, ndicho msuguano wa mwendo. Gawanya kila kimoja kwa uzito, upate kizigeu cha msuguano, ambacho ni namba tupu isiyo na kizio. Tuseme umesoma nyutoni 1.6 kisha 1.2: vizigeu vyako ni karibu 0.41 na 0.31.

Kwa maneno ni rahisi hivyo. Mkononi mambo ni mengine, kwa sababu mkono wa mtu hauvuti kwa kasi moja: mshale unarukaruka, na msomaji huishia kuchagua namba inayompendeza. Dawa yake ni kuligeuza jaribio. Funga mizani kwenye msumari usiosogea, uzi wake ukishike kipande, kisha vuta ubao ulio chini yake. Ubao unapita, kipande kinabaki palepale. Na kwa kuwa kipande hakiendi popote, kani ya uzi na kani ya msuguano ni lazima zitoshane, hata kama mkono unaovuta ubao unatetemeka. Mshale unatulia. Kama ningeruhusiwa kufundisha mbinu moja tu ya kupima msuguano, ningefundisha hii. Angalia tu uzi uwe sambamba na ubao. Ukiinama kuelekea juu, unakinyanyua kipande kidogo na msuguano unapungua bila wewe kujua.

Usipokuwa na mizani, mwachie mteremko kazi. Weka kipande juu ya ubao, inua ncha moja ya ubao taratibu, usimame pale kinapoanza kuteleza. Pima urefu wa ile ncha kutoka sakafuni, na umbali wa mlalo kutoka chini yake mpaka mguu wa ubao. Gawanya urefu kwa umbali huo. Sentimita 36 kwa 90 ni 0.4, na hicho ndicho kizigeu cha msuguano tuli, bila kugusa kikokotozi cha pembe. Kosa linalojirudia sana ni kupima ubao wenyewe badala ya sakafu. Jibu litakuja dogo kuliko haki yake. Ukitaka kizigeu cha mwendo, tafuta mwinamo mdogo zaidi ambao kipande, baada ya kugongwa kidogo kwa kidole, kinaendelea kuteremka bila kuongeza kasi wala kusimama.

Sasa ongeza mzigo juu ya kipande, urudie. Mwinamo haubadiliki, maana mzigo umewaongezea nguvu wapinzani wote wawili kwa kiasi kilekile. Kisha kilaze kipande kwa ubavu wake mwembamba. Hapa watu wengi wako tayari kuweka dau kwamba eneo dogo litaleta msuguano mdogo, na wengi wanashindwa. Leonardo da Vinci alikwisha kuliona jambo hili mwishoni mwa karne ya 15, lakini maandishi yake hayakuchapishwa; Mfaransa Guillaume Amontons akaligundua upya na kulitangaza mwaka 1699. Maelezo yake ni kwamba nyuso mbili, hata zinazoonekana laini, hugusana kwenye vilele vichache tu vidogo mno. Ukikilaza kipande kwa ubavu mwembamba, eneo la nje linapungua, ila kila sehemu inabanwa zaidi, vilele vinabonyea zaidi, na jumla ya mguso halisi inabaki karibu ileile. Mpira haufuati kanuni hii vizuri kwa sababu ni laini na unajaza mabonde ya uso unaoukalia. Na usishangae majibu yako ya asubuhi yakipishana na ya jioni. Jasho la vidole, vumbi na unyevu vinatosha kukisogeza kizigeu, kwa hiyo futa nyuso na urudie mara kumi kabla ya kuamini wastani.

Tukija kwenye vimiminika, lugha yetu wenyewe inatutega. Tunasema asali ni nzito, mafuta ni mazito kuliko maji. Lakini mafuta ya kupikia yanaelea juu ya maji. Kwa densiti, yaani uzito wa ujazo uleule, ni mepesi. Uzito tunaouzungumzia hapo ni mnato, yaani msuguano wa ndani, tabaka moja la kimiminika likisuguana na jirani yake. Tofauti na msuguano wa mbao, huu unategemea kasi: tabaka zikipishana kwa kasi maradufu, ukinzani nao ni maradufu. Isaac Newton aliweka wazo hilo mwaka 1687, na George Stokes mwaka 1851 akatoa kanuni ya tufe dogo linalozama polepole.

Jaribio lenyewe linahitaji silinda ndefu ya kioo iliyojaa glisirini, gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 2, na saa. Gololi ikidondoshwa inaongeza kasi kwa muda mfupi sana, halafu uzito wake unatoka sare na mnato pamoja na ile kani ya kimiminika inayoiinua, na kuanzia hapo inashuka kwa kasi moja. Ndiyo sababu mistari miwili ya kupimia huchorwa chini kidogo ya uso wa glisirini, kamwe si usoni penyewe. Kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi, gololi hiyo hushuka kwa karibu sentimita 1 kwa sekunde, na kanuni ya Stokes hurudisha mnato wa takriban paskali-sekunde 1.4 (paskali-sekunde ndicho kizio cha mnato). Maji ya joto hilohilo yana 0.001 tu.

Joto ndilo adui mkubwa. Glisirini ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, mnato wake unapungua kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo namba isiyoandikiwa joto lake haina maana. Glisirini pia hunyonya unyevu wa hewani ikilegea, ifunike. Kuta nazo huichelewesha gololi: katika silinda ya kipenyo cha sentimita 4, kwa takriban asilimia 10. Na usishawishike kutumia gololi kubwa za kuchezea. Zinazama kwa kasi inayokisukumia kimiminika kando badala ya kukiacha kiteleze tabaka kwa tabaka, na hapo kanuni ya Stokes haifai tena.

Hewani ukinzani huo wa kusukuma kando ndio unaotawala, nao hukua kwa mraba wa kasi. Kuuthibitisha hakuhitaji hata saa. Chukua vikombe vitano vyepesi vya karatasi, vile vya kuokea keki ndogo. Vinne vipachike kimoja ndani ya kingine, cha tano kiache peke yake. Uzito mara nne unahitaji kasi mara mbili tu ili utoke sare na hewa. Basi simama juu ya kiti, shika vile vinne kwenye kimo cha mita 2 na kile kimoja kwenye mita 1, viachie kwa pamoja, usikilize sakafu. Kama ukinzani ungefuata kasi yenyewe, kama ilivyo kwa gololi ndani ya glisirini, ungehitaji mita 4 ili usikie mlio mmoja.