Shule Zilizofuata Kura

Kazi yangu ni kuchambua sera za elimu, na karibu kila semina ninayokwenda lazima asimame mtu aseme: wasomesheni wananchi, demokrasia itakuja yenyewe. Mimi huwa naanzia upande wa pili. Katika nchi zetu, mara nyingi kura ndiyo iliyotangulia na shule zikafuata.

Tazama Malawi. Mwaka 1994 Kamuzu Banda alishindwa uchaguzi baada ya kutawala miaka 30. Bakili Muluzi akafuta karo ya shule za msingi, na wanafunzi wakapanda kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Kenya nayo, muungano wa upinzani, NARC, ulishinda Desemba 2002 ukafuta karo. Januari iliyofuata shule zikafurika, watoto zaidi ya milioni moja wapya.

Kwa nini wanasiasa hukimbilia kufuta karo? Kwa sababu mzazi hahitaji ripoti kujua kama ahadi imetimizwa: ameombwa hela au hajaombwa. Lakini mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kusoma aya moja, huyo atamdai nani? Waziri, halmashauri, mwalimu mkuu? Kila mmoja atamsukumia mwenzake. Ndiyo maana ilani zetu zimejaa madarasa na madawati, na kusoma kwenyewe hakutajwi.

Tanzania inaniharibia hoja kidogo, na naipenda kwa hilo. Azimio la Musoma la 1974, lililosukuma elimu ya msingi kwa wote, lilipitishwa chini ya chama kimoja. Madarasa ya kisomo yaliingia hadi vijijini, watu wazima kwa mamilioni wakajua kusoma. Halafu Tume ya Nyalali, iliyoundwa kuuliza kama nchi ibaki na chama kimoja au iende vyama vingi, ilipokusanya maoni mwaka 1991, karibu wanne kati ya kila watano walitaka chama kimoja kiendelee! Usikimbilie kuwacheka. Wengi wao walitaka pia mfumo urekebishwe, na tume yenyewe ikapendekeza vyama vingi. Ila kisomo kiliwapa vitabu vya afya na kilimo bora. Hesabu za halmashauri hawakuwekewa mezani wazisome.

Uganda ndiko ilikoonekana tofauti wananchi wanapowekewa hesabu mezani. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson waligundua kwamba kati ya 1991 na 1995, katika ruzuku ambayo serikali kuu ilizitengea shule za msingi kwa kila mwanafunzi, wastani wa asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Nyingine iliishia njiani, mikononi mwa maofisa na wanasiasa wa wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kilichopokelewa. Ilipofika 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wapo wachumi wanaobishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na magazeti, na wana haki. Lakini watafiti wale walipima pia umbali kutoka shule hadi kwa muuza magazeti wa karibu, na shule zilizokuwa jirani naye ndizo zilizopata nafuu kubwa zaidi.