Mlango wa kuchonga haufanyi nyumba iwe ya Kiswahili

Kazi yangu kuchora ramani za nyumba, na wiki hii kaja tena mteja na picha kwenye simu. Anataka "nyumba ya Kiswahili". Mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba, vidaka ukutani vya kuwekea taa, boriti za kupaka vanishi darini, afu ukifungua huo mlango tu umeshatua sebuleni, sebule imeungana na jiko, na ukuta wa mbele wote kioo. Nimeshaletewa picha za namna hii mara nyingi mno, kila mara naeleza, kila mara naonekana mbishi. Leo naandika kabisa, wengine ntakua nawatumia linki.

Hiyo sio nyumba ya Kiswahili jamani. Hiyo ni nyumba yoyote ile iliyobandikwa mlango.

Tumalize kwanza mambo ya mlango maana ndo mnayouliza sana. Misumari sio ya kuzuia tembo. Watembeza wageni pale Mji Mkongwe wanaipenda hii hadithi, kwamba kule India milango iliwekwa misumari iliyochongoka tembo wa vita wasiisukume, sawa, lakini Unguja tembo yuko wapi? Misumari ya pale ni ya shaba, iko pale ili anayepita ajue mwenye nyumba anajiweza. La pili, eti nyumba za mawe "tuliletewa na Waarabu". Hapana. Pale Shanga, kisiwani Pate karibu na Lamu, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta msikiti umejengwa juu ya msikiti, wa chini kabisa ni wa miti, wa karne ya 8, na huko juu ndo matumbawe yanaanza kutumika, mji uleule, kiwanja kilekile. Kilwa ilikuwa na msikiti mkubwa wa mawe na kasri la Husuni Kubwa karne ya 14, miaka kama mia tano kabla Seyyid Said, sultani wa Oman, hajahamia Unguja. Mkono wa Oman upo, mkono wa Kihindi upo tena mwingi tu, milango mingi yenye upinde juu ndo inatokea huko, ila kuazima kwa jirani na kuletewa kila kitu ni mambo mawili tofauti. Mlango nimeumaliza.

Sasa ingia ndani. Chukua nyumba ya waungwana pale Lamu, zile za karne ya 18. Kwa nje hamna kitu, ukuta mtupu mrefu na kijia ambacho punda akipita we unajibana. Mlangoni kuna daka, kibaraza cha ndani ya ukuta chenye viti vya mawe huku na huku, na watu wengi wanaokuja hapo wanaishia hapohapo. Ukikaribishwa unaingia tekani, yaani kile kipito cha kuingilia, na tekani ndo pa kusimama uangalie vizuri, kwasababu njia inapinda. Mtu akisimama mtaani, mlango uko wazi wote, anachokiona ni ukuta. Haoni mtu, haoni hata kivuli cha mtu. Unakata kona ndo unakutana na mwanga wa kiwanda, uwanja wa ndani usio na paa. Mgeni mwanamume ana sabule yake, chumba cha wageni, anakula, analala, anaondoka, na kwa wenyewe hajakanyaga. Kutoka kiwandani unapanda kidogo msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, unapanda tena msana wa juu, afu chumba kinachoitwa ndani, afu nyuma kabisa chumba kinachoitwa nyumba ya kati. Kila ukivuka, sakafu imenyanyuka kidogo, mwanga umepungua, na wanaoruhusiwa kufika wamepungua. Huko gizani nyuma ndiko watu walikozaliwa na ndiko walikooshwa wakifa.

Hiyo ndo nyumba ya Kiswahili. Ni mpangilio wa nani anafika wapi. Na waliishi hivyo kweli, sio mapambo, maana mzee wa kiungwana binti akiolewa alimpa nyumba, au alimwongezea ghorofa juu, na ikibidi wakajenga wikio, chumba kinachokatiza juu ya mtaa kuunganisha nyumba na nyumba, ili mama na binti na mashangazi watembeleane bila kushuka njiani. Wewe unapita chini na punda wako hujui kwamba juu ya kichwa chako kuna mtu anampelekea dada yake chakula. Na tusipake rangi tu, faragha ile ya waungwana iliwezekana kwasababu kulikuwa na watumwa, wao ndo waliotumwa sokoni na kisimani, jua na macho ya watu yakawa yao. Ukisoma nyumba ya jamii fulani isome yote, na huo upande pia.

Haya, sasa kuna hili linaloniudhi kuliko hata mlango. Kuna wenzangu wa fani, wengine nimesoma nao, ukiwaelezea haya yote wanacheka, wanakwambia achana na utamaduni, ni boriti tu. Wanamaanisha hivi: boriti ya mkoko ukiitandaza kubeba dari ya mawe na chokaa, dari nzito kwelikweli, haivuki zaidi ya mita mbili na nusu mpaka tatu hivi. Kwa hiyo vyumba vyote vya zamani pwani ni virefu na vyembamba, na wao wanaona wamemaliza, mti umeamua kila kitu. Na ni kweli, mti umeamua upana, nimepima mwenyewe vyumba vingi vya mawe na namba zinarudi palepale. Ila upana sio mpangilio! Boriti haijui kupinda tekani. Boriti haijui kumwekea mgeni sabule.

Mnataka ushahidi, nendeni Mji Mkongwe mtazame nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi wa karne ya 19. Matumbawe yaleyale, chokaa ileile, boriti zilezile za mikoko, na vyumba vyembamba vilevile. Ila mbele yote chini ni milango ya duka, mtaa unaingia mpaka kwenye mizani, na familia inaishi nyuma na juu. Mti mmoja, maisha mawili. Kama boriti ndo ingekuwa inaamua, yule Mhindi wa Mji Mkongwe na yule muungwana wa Lamu wangekuwa na nyumba moja.

Afu geuza uangalie upande wa pili. Nenda zile nyumba za korido za Dar, zilizobaki Kariakoo, Ilala, Magomeni. Hapo hamna matumbawe, hamna kuchonga, zilianza za miti na udongo na makuti, zikaja tofali na bati. Na watu wa kawaida kabisa, ambao hawajawahi kusikia neno tekani, wanaziita nyumba za Kiswahili, na wako sahihi kuliko mteja wangu na picha yake. Baraza mbele, hapo ndo habari, kahawa na bao. Mlango katikati, korido, vyumba huku na huku, mara nyingi vya kupangisha. Nyuma ua, na uani ndo kwenye jiko, kisima au bomba, choo, kamba za nguo, na wanawake wanapikia na kusukana hapo. Mbele, kati, nyuma. Ile safari ya Lamu imefupishwa ikawa hatua kumi na tano.

Najua mtaniambia korido imenyooka, kwa hiyo kutoka barabarani unaona mpaka uani. Ndio, imenyooka, na ndo maana kuna pazia. Angalia nyumba hizo, mlango wa mbele unashinda wazi kutwa na pazia limening'inia, upepo unalipuliza ndani, linarudi, kila chumba nacho kina lake. Kile kitambaa chepesi kinafanya kazi ya ukuta wa tekani. Hewa inapita, jicho halipiti. Na anayekuja hapigi hodi kwenye mbao, anapiga hodi kwenye pazia.

Kuna mengine hata mimi sijatulia nayo. Zidaka kwa mfano, ule ukuta wenye vishubaka vingi kule ndani ya nyumba za Lamu. Wengine wanasema ni vya kuonyeshea sahani za Kichina, wengine wanasema sahani zenyewe zilikuwa kinga ya husuda, wengine wanasema ni ujanja wa kufanya chumba chembamba kionekane kinaingia ndani zaidi. Nikikaa humo naona wote watatu wana hoja, na siamini sana mtu anayechagua moja kwa sauti kubwa. Na hivi vyumba vyetu vya kupanga vya futi kumi kwa kumi, ni karibu kabisa na upana wa boriti, nimeshawaza mara nyingi kama ni mkono wa fundi uliozoea kipimo ukakibeba mpaka kwenye zege, ila mbao na bati navyo vina vipimo vyake kwa hiyo siwezi kuapa.

Basi huyu mteja nilimuuliza swali moja tu. Kaka, mama atakaa na nyie? Akasema ndio. Nikamwambia saa nane mchana mama kavua mtandio yuko kwenye mkeka anachambua mchele, fundi wa umeme kagonga, ukafungua huo mlango wako wa kuchonga, kamuona nani? Akaichukua ile simu akaitazama muda. Tukachora ukuta mmoja mbele ya mlango, mita moja na nusu, njia ikapinda kushoto, tukahamisha jiko likaelekea ua wa nyuma, chumba cha mgeni kikawa na mlango wake huku mbele. Kioo kikapungua sana. Akauliza mlango wa kuchonga anaweza kubaki nao, nikamwambia weka tu.