Matairi ya pikapu ya mizigo: anza kusoma ubavuni

Mtu akija kutafuta matairi ya njia zote kwa pikapu yake, mara nyingi huinamia kashata kwanza, yaani vile vinundu vya mpira vinavyogusa barabara, aone kama zina vina na zinatisha. Mimi humwomba asome ubavu. Pikapu inayobeba saruji, maji au vifaa vya kambi inaishi au inakufa kwa maandishi yale madogo.

Chukua 265/65R17, saizi ya Hilux nyingi. Tairi la kawaida la saizi hiyo kwa kawaida huandikwa 112S: 112 maana yake linabeba kilo 1,120, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. La kazi nzito hutanguliwa na herufi LT, na mara nyingi utakuta 120/117, yaani kilo 1,400 kwa tairi moja. Ile 117 ni ya magari yanayofunga matairi mawili pamoja kila upande, kwa hiyo iache. Ukitaka kujua unahitaji lipi, pakia mzigo wako wa siku zote, nenda mizani, pima ekseli ya nyuma peke yake, kisha gawa kwa mbili. Usichague tairi linalotosha uzito huo bila ziada, maana kwenye mashimo mzigo unadunda.

Sasa jambo linaloharibu matairi mazuri kuliko yote: upepo. Mzigo unabebwa na upepo, mpira ni mfuko wake. Tairi la kawaida hufikia uwezo wake wote kwenye psi 35 hivi (psi ni kipimo cha upepo), lakini LT la daraja E la mzigo hufikia kilo zake zote kwenye psi 80. Ukilifunga LT na kulijaza 35 kama lile la zamani, umenunua tairi ghali linalobeba pungufu kuliko ulilolitoa. Litajikunja, litapata joto, na siku moja litapasuka lami ikiwa ya moto na gari limejaa. Tafuta jedwali la mtengenezaji linaloonyesha upepo kwa kila uzito, ulifuate, na usivuke kiwango cha juu cha rimu yako.

Kama pikapu yako hubeba watu wawili na begi, LT halikufai. Ni zito, linakula mafuta, na gari tupu litakurusha. Lakini kwa anayepita yale mawe makali ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, nasisitiza LT hata kama mzigo ni wa wastani, kwa sababu kule tairi huchanwa ubavuni.

Kashata zilizoachana sana ni za tope. Kwenye lami zinavuma, na mvua ikinyesha hazishiki vizuri.

Kupanda hadi 265/70R17 kunaongeza kipenyo kwa asilimia 3 na kidogo. Spidomita ikisoma 100, unakwenda kama 103. Hakikisha pia tairi haligusi bodi ukikata kona.

Angalia umri: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ile inayoanza na herufi hizo ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mitumba mingi ina kashata nene na mpira uliokwisha kukauka.

Nunua matano, pamoja na la akiba, yote saizi moja. Ukiingiza fowili, yaani magurudumu yote manne yakisukuma, huku tairi moja lina kipenyo tofauti, gia zinavutana. Ukishaendesha kilomita 50 hadi 100, rudi fundi akaze nati upya.