Chipu Mwilini mwa Mtoto: Maswali ya Wazazi na Majibu Yake

Picha ya mtoto aliyepotea ikizunguka WhatsApp usiku, asubuhi yake swali linatufikia kliniki. Mama mmoja aliyemleta mwanawe kupata chanjo ya surua na rubela ya miezi 18 aliniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, kile kichipu wanachowawekea mbwa, watoto hawawekewi? Hata kama ni cha kulipia." Mzazi anayeuliza hivyo hajalala. Haya ndiyo niliyomjibu, pamoja na mengine niliyoulizwa na wenzake.

Chipu hiyo ni kitu gani hasa?

Ni kidonge cha kioo chenye ukubwa wa punje ya mchele: urefu wa milimita 12 hivi, unene wa milimita 2. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa na kumbukumbu ndogo iliyobeba namba. Betri haina. Inakaa kimya chini ya ngozi mpaka mtu aje na kifaa cha kusomea na kukisogeza karibu kabisa, sentimita chache tu. Mawimbi ya kifaa hicho ndiyo yanayoiamsha. Inataja namba yake, basi. Namba yenyewe haimsaidii mtu yeyote mpaka aitafute kwenye daftari la kompyuta lililoandikwa namba hiyo ni ya nani.

Kwa hiyo nitamwona mwanangu alipo kwenye simu?

Hapana, na hapa ndipo wazazi wengi wanapodanganyika. Chipu ya mbwa haijui iko wapi. Mbwa akiokotwa na mtu asiye na kifaa cha kusomea, chipu yake ni sawa na kutokuwepo.

Kinachoonyesha mahali ni GPS, nayo ni habari nyingine. Satelaiti zake ziko juu yetu kwa kilomita zipatazo 20,000, na hazimtafuti mtu. Zinatangaza tu saa na mahali zilipo, kisha kifaa ulicho nacho kinapiga hesabu ya kujua kiko wapi. Halafu kifaa hicho lazima kikutumie jibu, na kwa hilo kinahitaji laini ya simu, antena na betri inayochajiwa. Angalia simu yako inavyokula chaji ukiwasha ramani, kisha ujiulize betri ya namna hiyo itakaa wapi kwenye mkono wa mtoto wa miaka mitatu.

Mbugani tofauti hii inaonekana wazi. Mwaka 2013 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilipokea chipu 1,000 za kuweka kwenye pembe za vifaru. Kazi yake ni kuitambua pembe ikishakamatwa, iweze kuwa ushahidi mahakamani. Lakini watafiti wanaotaka kujua tembo yuko wapi usiku huu humvalisha ukosi mkubwa shingoni, wenye betri yake.

Hakuna nchi iliyowahi kuwaruhusu watu wawekewe?

Ipo. Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu chipu iliyoitwa VeriChip kwa matumizi ya hospitali. Lengo lilikuwa mgonjwa aliyezimia akifikishwa mapokezi, daktari asome namba na kufungua taarifa zake za matibabu. Haikuwa ya kumfuatilia mtu. Wanunuzi hawakuwa wengi, na mwaka 2010 iliondolewa sokoni. Majimbo kama Wisconsin na California yalikuwa yameshatunga sheria za kukataza mtu kulazimishwa kuwekewa.

Na kwa watoto hasa?

Wazo hilo lilipata nguvu Uingereza mwaka 2002. Mwezi wa nane mwaka huo wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa Soham, na nchi nzima ikaingia simanzi. Wiki chache baadaye Profesa Kevin Warwick wa Chuo Kikuu cha Reading, ambaye mwaka 1998 alijiwekea chipu mkononi, alieleza mpango wa kumwekea binti mmoja kifaa kitakachozungumza na mtandao wa simu. Watetezi wa watoto walipinga, na mpango haukutekelezwa.

Tukio lenyewe nalifikiria mara nyingi. Wale watoto hawakuburutwa kichakani na mtu wa mbali. Waliingia nyumbani kwa mtunza majengo wa shule ya sekondari ya pale pale, mtu ambaye mchumba wake alikuwa msaidizi darasani kwao. Muda si mrefu wakawa wamekufa. Mama angekuwa na ramani mkononi, ingemwonyesha kwamba binti yuko mtaa wa jirani, na asingekuwa na sababu ya kushtuka. Hata kwetu, anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu ambaye mtoto humwamkia "shikamoo" kila siku.

Kuna madhara gani kwa mwili?

Sindano ya kuwekea ni nene, zaidi ya milimita 2, kwa hiyo mtoto atapigwa ganzi kwanza. Panaweza kuvimba au kutunga usaha. Chipu inaweza kuhama kutoka pale ilipowekwa, na mtoto bado anakua. Inaweza pia kufa kimya kimya, ikabaki kioo tu ndani ya nyama. Kuitoa ni kupasua ngozi na kushona. Mamlaka ile ya Marekani iliorodhesha hatari kama hizi ilipotoa kibali, ikiwemo usumbufu wakati wa kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha ndani ya mwili kwa sumaku, na uwezekano wa taarifa kuvuja.

Kwa mgonjwa, tunakubali hatari ndogo kwa sababu kuna faida. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo nacho huwekwa ndani ya mwili, na mtoto anayekihitaji nitamwambia mzazi asisite. Chipu ya namba inampa mtoto jeraha na haimpi ulinzi aliouahidiwa mama yake. Mimi singeshauri.

Inaleta saratani?

Mwaka 2007 shirika la habari la Associated Press liliripoti kuhusu tafiti ambamo baadhi ya panya waliowekewa chipu walipata uvimbe wa saratani pale ilipokaa. Habari hiyo iliwatisha wengi. Lakini panya wa maabara hupata uvimbe wa aina hiyo kwa urahisi kuliko binadamu, na kwa mbwa na paka, ambao mamilioni wana chipu, visa vilivyoandikwa ni vichache mno. Kwa binadamu haijathibitishwa.

Je, hawawezi kutuwekea kwa siri kwenye chanjo?

Hawawezi. Sindano ya chanjo ya mtoto ni nyembamba, kama nusu milimita kwa nje, na tundu lake ni jembamba zaidi. Kidonge cha milimita 2 hakipiti. Usimnyime mwanao chanjo ya surua kwa hofu hii. Surua inaua watoto.

Vipi saa za GPS za kuvaa?

Hizi zinafanya kazi, na zinavuliwa. Ila mtekaji naye anaweza kuivua, na pasipo mtandao hazisemi kitu. Kuwa makini na za bei rahisi: mwaka 2017 Baraza la Walaji la Norwei lilionyesha kuwa mgeni angeweza kuingia kwenye baadhi ya saa hizo na kumfuatilia mtoto yeye mwenyewe. Mwaka huo huo Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zinazosikiliza mazungumzo kwa siri. Kabla ya kununua, uliza taarifa za mwanao zinahifadhiwa wapi. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, kwa hiyo una haki ya kuuliza.

Mtoto akipotea leo, nianzie wapi?

Anza na maji: kisima, pipa, ndoo kubwa, dimbwi la jirani. Kisha gari lililofungwa, chini ya vitanda na kwa majirani wote. Mtoto mdogo aliyetumbukia hana dakika za kusubiri.

Wakati huo huo mtume mtu kijiwe cha bodaboda na kwa mjumbe, na muombe msikiti au kanisa watangaze kwa kipaza sauti. Nenda polisi saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke wala saa 24 zipite. Chukua RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha polisi, na uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure, Tanzania na Kenya pia. Picha ya asubuhi hiyo, yenye nguo alizovaa, itawasaidia kuliko ya sikukuu iliyopita.

Mwanangu ana usonji, hasemi, na hupenda kutoka nje peke yake. Kwake je?

Kwake kifaa cha kuvaa kina maana kubwa, nami ningekiunga mkono kama kipato kinaruhusu. Kama hakiruhusu, mpelekee fundi cherehani nguo zake, ashone namba yako ya simu kwa uzi ndani ya ukosi na ndani ya kiuno. Usiandike jina lake kwa nje, maana mtu mbaya hulitumia kumwita kama anayemjua. Mtembeze kwa mwenye duka, kwa mama ntilie na kijiwe cha bodaboda, wamwone sura na wajue anapenda nini na anaogopa nini. Kama anapenda maji, waambie hivyo kwanza.