Jamani, kupiga makofi katikati ya simfoni sio ushamba

Juzi hapa Tabora kwaya imeimba kile kipande cha mwisho cha Simfoni ya Tisa, ule muziki mrefu wa okestra wa mtunzi Beethoven, sauti zote nne zikapanda pamoja, mama mmoja benchi la nyuma akashindwa kujizuia akaachia kigelegele, kanga imemdondoka begani hata hajui, basi watu wakamgeukia shiii, eti huu muziki tangu zamani unasikilizwa kimya mpaka mwisho. Sio kweli jamani. Tarehe 7 Mei 1824 kule Vienna simfoni hiyohiyo ilivyopigwa mara ya kwanza watu walishangilia sana, na Beethoven alishakuwa kiziwi, hasikii kitu, mpaka muimbaji Caroline Unger akamgeuza ndo akaona watu wanavyopiga makofi. Mtunzi mwingine, Mozart, naye mwaka 1778 pale Paris walimpigia makofi muziki ukiwa unaendelea, akamwandikia baba yake kwa furaha kabisa. Huu ukimya umekuja kuzoeleka baadaye sana. Ukitaka kunyamaza nyamaza, mi mwenyewe kwaya ikishusha sauti taratibu nanyamaza, ila yule mama mwacheni ashangilie.