Kilo zimepanda, lakini mtoto amekua? Maneno tunayoyasikia kliniki Kigoma

Siku ya kliniki hapa Ujiji mizani ndiyo bwana mkubwa. Mtoto anavishwa ile kaptula ya kitambaa, ananing'inizwa kwenye ndoano, analia mpaka mshale unacheza, nesi anasoma kilo na kuweka kitone kwenye kadi. Mama akiona kimeangukia kijani anakaza kanga, huyo nyumbani. Urefu je? Zahanati moja niliulizia kibao cha kupimia urefu, nikakikuta stoo kimebebeshwa maboksi.

"Kilo zimepanda, anakua." Huenda anaongezeka uzito tu. Udumavu hauonekani kwenye mizani, kwa sababu ni ufupi usiolingana na umri. Mvulana wa miaka 2 akisimama hutarajiwa kufika kama sentimita 87. Akiwa chini ya 81 amedumaa, hata awe mchangamfu namna gani. Aliye chini ya miaka 2 hupimwa amelala, na kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja ashike kichwa, mwingine anyooshe magoti. Akikunja goti kidogo tu, kipimo kimeharibika.

"Mashavu hayo, kashiba." Hii ndiyo inayonitisha. Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, chini ya kifundo, hesabu polepole hadi tatu, kisha achia. Vishimo vikibaki kote kuwili, huo si unene, ni maji, na maji nayo yana kilo, ndiyo maana mizani inadanganyika. Ni utapiamlo mkali. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

"Amebemendwa." Bibi akishatamka hivyo, mama anamficha mtoto ndani kwa aibu, maana jirani wataelewa kwamba mzazi mmoja ametoka nje ya ndoa, au wamekutana kimwili mapema wakati mtoto ananyonya. Mtoto anaogeshwa dawa za mizizi wiki nzima huku anakwisha. Kitendo cha wazazi hakimdhoofishi mtoto. Ila wazee hawakuwa vipofu: waliona kweli kwamba mimba ikiingia haraka, yule wa kwanza hunyauka. Kilichomnyausha ni kuachishwa ziwa ghafla na kupewa uji mtupu, pamoja na kuhara na malaria. Hata jina la kwashakoo, ambalo daktari Cicely Williams alilitangaza mwaka 1935 kutoka lugha ya Kiga ya Ghana, linamaanisha ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake na mdogo wake. Waga waliangalia ziwa, sisi tukaangalia kitanda.

"Ukoo wetu wafupi." Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walionyonyeshwa na kulelewa vizuri walirefuka karibu sawa kila mahali. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, usikimbilie kumsingizia babu.

"Udumavu ni wa kwenye njaa." Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Iringa, ghala la mahindi, ikiongoza nchini kwa zaidi ya nusu ya watoto wake. Nasi tuna ziwa zima la dagaa na migebuka, tuna mawese na maharage, lakini sahani ya mdogo ina ugali wa muhogo na mchuzi. Samaki kabaki kwa baba.

Ule utepe wa rangi wa kupimia mzunguko wa mkono nao husemwa ni wa vichanga. Hapana, ni wa miezi 6 hadi miaka 5. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hatari.

"Kapata chanjo ya pili ya surua, kliniki imekwisha." Mtoto anatakiwa aendelee kupimwa hadi miaka 5. Kadi nyingi ninazozifungua zina vitone hadi mwezi wa 18. Baada ya hapo ni karatasi nyeupe.